Jinsi ya kuomba nakala za hati za umma katika afisi za kaunti

MWANANCHI anayetaka kujua kwa nini zahanati ya kijijini mwake imekwama kwenye linta kwa miaka mitatu, ilhali vitabu vya bajeti vinaonyesha ilitengewa fedha za kuikamilisha, hana haja ya kumbembeleza diwani wala ya kuwa na jamaa anayefanya kazi makao makuu ya kaunti. Anachohitaji ni karatasi, kalamu, na jina la hati anayoitaka.

Hilo la tatu ndilo huwalemea wengi. Barua za kuomba habari, zikiwemo zile ambazo nakala zake hutumwa katika vyumba vya habari, aghalabu hujaa maswali na malalamishi. Pesa zetu zimekwenda wapi? Mwanakandarasi alilipwa na nani? Mbona wadi jirani imepata na sisi tumekosa? Maswali hayo ni halali, lakini ni mepesi kukwepa. Afisa aliyeizoea kazi yake atayajibu kwa aya mbili za kusifu miradi ya gavana, na aliyeandika atabaki hana la kushika mkononi.

Sheria inaeleza kuwa habari ni kumbukumbu zote zilizo mikononi mwa afisi ya umma, bila kujali zimehifadhiwa katika umbo gani, zimetoka wapi au ziliandikwa lini. Kwa hivyo anayeomba nakala ya mkataba, vyeti vya malipo na ripoti ya kamati iliyoikagua kazi, ameomba vitu vilivyomo ndani ya jalada, na jalada lina nambari. Afisa atalazimika kuvitoa, ama kueleza kwa maandishi kwa nini havitoi, ama kukiri kwamba havipo. Majibu yote matatu yana faida kwa mwombaji.

Haki yenyewe

Kifungu cha 35 cha Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kinampa pia haki ya kupata habari alizo nazo mtu mwingine iwapo zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki fulani, pamoja na haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe.

Waliowahi kufuatilia mambo yao katika mabaraza ya serikali za mitaa, ambayo yalikuwa 175 kabla ya kuondolewa na ujio wa kaunti 47 baada ya uchaguzi wa Machi 2013, wanayakumbuka mazoea ya enzi hizo. Karani wa baraza ndiye aliyekuwa na ufunguo wa masjala, na kila karatasi, hata orodha ya vibanda vya soko, ilihesabiwa kuwa siri. Mabaraza yaliondoka, ila majalada yao yakarithiwa na kaunti, na mazoea nayo yakarithiwa pamoja na majalada.

Sheria ya kwanza iliyozifunga kaunti moja kwa moja ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Kifungu chake cha 96 kinasema kila raia wa Kenya akiomba, apewe habari zilizo mikononi mwa serikali yoyote ya kaunti au idara yake, na kwamba kila kaunti iteue afisi ya kushughulikia jambo hilo. Miaka minne baadaye ikaja sheria pana zaidi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016. Mswada wake uliwasilishwa bungeni na Priscilla Nyokabi, aliyekuwa wakati huo Mwakilishi wa Wanawake wa Nyeri, na ikaanza kutumika Septemba 21, 2016. Hiyo ndiyo inayoweka muda, ada na njia ya kukata rufaa, na ndiyo itakayotajwa zaidi hapa.

Mambo matatu ya sheria hiyo yafaa kuwekwa akilini kabla ya kuondoka nyumbani. Kwanza, mwombaji halazimiki kusema anataka hati kwa sababu gani. Afisa anayeuliza "unaitakia nini?" anaweza kujibiwa kwa upole kwamba kifungu cha 4 kinasema haki hii haiathiriwi na sababu za mwombaji, wala na yale ambayo afisa anadhani ndiyo sababu zake. Pili, ombi lenyewe halitozwi ada yoyote. Kinachoweza kulipishwa ni gharama ya kutoa nakala na kuzifikisha, na gharama hiyo haifai kuzidi matumizi halisi. Tatu, ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kifungu cha 8 kinataja Kiingereza au Kiswahili, wala hakipi lugha yoyote kipaumbele. Wapo makarani wa mapokezi wanaorudisha barua za Kiswahili eti ziandikwe upya kwa lugha ya afisi. Kiswahili ni lugha ya afisi. Katiba imesema hivyo katika kifungu cha 7.

Asiyejua kusoma na kuandika, au aliye na ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kutoa ombi lake kwa mdomo. Afisa analazimika kuliandika na kumpa mwombaji nakala. Sharti hili halijulikani sana, na wazee wengi wenye madai ya ploti wamekuwa wakilipa waandishi wa barua mjini kwa huduma ambayo sheria inawapa bure.

Haki hii ni ya raia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika kesi ya jarida la Nairobi Law Monthly dhidi ya kampuni ya umeme ya KenGen, iliamua kwamba kampuni si raia, hivyo haiwezi kudai habari chini ya kifungu cha 35. Sheria ya 2016 ililegeza jambo hilo kwa kueleza kuwa raia ni pamoja na taasisi ya kibinafsi inayodhibitiwa na Mkenya mmoja au zaidi. Hata hivyo, kikundi cha akina mama au chama cha wakazi kitajiepusha na mabishano iwapo barua itatiwa sahihi na mwanachama mmoja kwa jina lake na nambari ya kitambulisho chake.

Nani ana hati gani

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa sababu mwananchi huiona serikali kuwa moja ilhali majalada yako katika nyumba mbalimbali.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, leseni za biashara, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, na idhini za ujenzi. Serikali ya kitaifa imebaki na polisi, shule za msingi na sekondari, hatimiliki za ardhi na usajili wa vizazi na vifo. Ukitaka kujua darasa la shule ya msingi lilijengwa kwa kiasi gani, usiende kwa kaunti. Huenda lilijengwa kwa fedha za NG-CDF, na hati zake ziko katika afisi ya hazina hiyo kwenye eneobunge. Barabara nazo hutatanisha zaidi, kwani nyingine za mashambani ziko chini ya KeRRA na nyingine chini ya kaunti, na mara nyingi vumbi lake ni lile lile.

Kosa la anwani halifai kuliua ombi. Kifungu cha 10 kinamruhusu afisa aliyepokea ombi lisilomhusu kulihamishia katika afisi inayofaa ndani ya siku tano, na kumjulisha mwombaji. Tatizo ni kwamba barua nyingi za aina hii huachwa juu ya meza, na miezi miwili baadaye mwenyewe huambiwa "hilo halikuwa letu". Ndiyo maana ni afadhali kuipata anwani tangu mwanzo.

Katika kaunti, barua huelekezwa kwa Katibu wa Kaunti. Sheria inamfanya mkuu wa utendaji wa kila taasisi ya umma kuwa ndiye afisa wa upatikanaji wa habari, hata kama amemkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Kumbukumbu za bunge la kaunti, yaani taarifa za vikao, ripoti za kamati na miswada, ziko kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Manispaa ina meneja wake, na kampuni ya maji ya kaunti ina mkurugenzi wake. Msimamizi wa wadi anaweza kusaidia kuonyesha njia, na chifu pia, lakini barua isiandikwe kwao.

Suala la ploti linahitaji neno la ziada. Mjane aliye na barua ya kugawiwa ploti ya soko iliyotolewa na baraza la mji miaka ya themanini hupelekwa huku na huko kati ya afisi ya ardhi na afisi ya kaunti hadi nauli inamwishia. Ukweli ni kwamba hatimiliki, kama ilitolewa, inatafutwa katika masjala ya ardhi ya serikali ya kitaifa. Lakini kumbukumbu za kikao cha baraza kilichoigawa ploti, rejesta ya ploti za soko na daftari la malipo ya kodi ya kila mwaka zilikuwa mali ya baraza, na kaunti ndiyo mrithi wake. Hizo ndizo za kuombwa kwa Katibu wa Kaunti, kwa mwaka na kwa nambari ya ploti. Kwa hati zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30, sheria inachukulia kwamba si za siri hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kuhusu miradi ya ujenzi, hati zafuatana kama shanga. Kuna mpango wa maendeleo wa mwaka na makadirio ya bajeti yaliyoidhinishwa. Kuna tangazo la zabuni, ripoti ya tathmini, barua ya kumtuza mshindi, na mkataba. Kuna hati ya makadirio ya vifaa na kazi, ambayo wakandarasi huiita BQ, inayosema ni mifuko mingapi ya saruji na mabati ya geji gani. Kisha kuna vyeti vya malipo ya awamu, vocha, na ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji.

Lau mtu angekuwa na nafasi ya kuomba hati moja pekee, ningemshauri aombe hiyo ya mwisho. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka kamati ikague kazi kabla haijapokewa rasmi, na wanakamati hutia sahihi. Zahanati isiyo na paa, iliyo na ripoti inayosema kazi ilikamilika kwa kiwango kilichokubaliwa, haihitaji tena maelezo marefu. Majina yapo, tarehe ipo. Sheria hiyo hiyo inataka kumbukumbu za ununuzi zihifadhiwe kwa angalau miaka sita.

Zipo pia hati ambazo mtu hafai kuziomba kwa sababu zilipaswa kuwa tayari zimewekwa wazi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na ripoti za matumizi za kila robo ya mwaka zitangazwe. Msimamizi wa Bajeti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapisha katika tovuti zao ripoti kuhusu kila kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari nayo, katika kifungu cha 5, inataka kila taasisi ya umma inapotia sahihi mkataba itangaze kazi yenyewe, kiasi cha fedha, jina la aliyepewa na muda wa kukamilisha. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizowahi kufungua ukurasa maalumu wa mikataba kwenye intaneti. Kwingine tovuti ya kaunti ni picha za gavana akikata utepe, na ukibonyeza palipoandikwa bajeti hakuna kinachofunguka.

Hata hivyo, ripoti ya Mkaguzi Mkuu isomwe kabla ya barua kuandikwa. Mara nyingi huutaja mradi kwa jina, nambari ya mkataba na kiasi kilicholipwa, na barua inayonukuu nambari ya mkataba si rahisi kujibiwa kwamba mradi haujulikani.

Kuandika barua

Barua iwe fupi. Ukurasa mmoja unatosha, na matusi hayasaidii. Ifuatayo ni mfano, na msomaji anaweza kuigeuza kulingana na haja yake:

Kwa Katibu wa Kaunti, ambaye ni Afisa wa Upatikanaji wa Habari.

MINTARAFU: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI, 2016

Mimi ni raia wa Kenya, mwenye kitambulisho nambari (andika nambari). Naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu ujenzi wa zahanati ya (taja jina) katika wadi ya (taja jina), mwaka wa fedha wa 2022/2023: moja, mkataba kati ya kaunti na mwanakandarasi; mbili, hati ya makadirio ya vifaa na kazi; tatu, vyeti vyote vya malipo; nne, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji.

Iwapo sehemu ya hati yoyote inazuiwa na sheria, naomba sehemu iliyosalia, pamoja na sababu ya kuzuiliwa kwa maandishi. Iwapo hati yoyote haipo katika afisi yako, naomba ombi hili lihamishiwe afisi inayohusika na nijulishwe. Niko tayari kulipia gharama ya nakala. Natarajia uamuzi katika muda wa siku 21.

Kisha jina, sahihi, nambari ya simu na tarehe.

Kaunti inaweza kuwa na fomu yake. Ijazwe kama ipo, lakini sheria imekataza ombi kukataliwa kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu hiyo. Iwapo hati ni nyingi, mwombaji anaweza kuomba kuzisoma katika afisi kwanza na kuchagua za kunakiliwa. Jalada la mradi laweza kuwa na kurasa 400, na si zote zinazostahili pesa ya fotokopi.

Muhuri na hesabu ya siku

Barua ichapwe nakala mbili na kupelekwa masjala. Moja ibaki huko, nyingine igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe na irudi na mwenyewe. Bila muhuri huo hakuna siku ya kwanza, na pasipo siku ya kwanza hakuna ya ishirini na moja. Wanaotuma kwa barua pepe waihifadhi ile iliyotumwa pamoja na jibu lolote la kuipokea. Anayeishi mbali atume kwa posta ya rejista na kutunza risiti.

Chukua barua iliyopokewa Juni 2. Uamuzi unatakiwa utolewe haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kufikia Juni 23. Ikiwa hati zinazoombwa ni nyingi mno au panahitajika mashauriano ambayo hayawezi kumalizika katika muda huo, afisa anaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, yaani hadi Julai 7. Ombi likikubaliwa na gharama ya nakala kulipwa, hati zinatakiwa kutolewa katika muda usiozidi siku mbili za kazi.

Pale habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu, siku 21 hugeuka kuwa saa 48. Familia inayomtafuta jamaa aliyekamatwa katika msako wa askari wa kaunti isikubali kuambiwa isubiri wiki tatu.

Afisi ikinyamaza hadi muda umalizike, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa. Wengi huudhika kusikia hivyo, lakini kipengele hicho kinamfaa mwananchi. Kimya kingekuwa hakina maana kisheria, afisi ingenyamaza milele na mwombaji asingekuwa na uamuzi wa kuulalamikia.

Visingizio na vizuizi vya kweli

Kifungu cha 6 kinataja habari zinazoweza kuzuiwa. Miongoni mwake ni zile zinazoweza kuhujumu usalama wa taifa, kuzuia haki kutendeka katika kesi, kuhatarisha maisha ya mtu, kuingilia faragha bila sababu, au kudhuru maslahi ya kibiashara. Kaunti haina majeshi, na ni nadra mkataba wa kujenga choo cha soko kugusa usalama wa taifa. Isitoshe, hata pale kizuizi kinapokuwa cha kweli, hati inaweza kutolewa iwapo manufaa ya umma yanazidi madhara.

Kisingizio kinachosikika zaidi siku hizi ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inalinda taarifa za watu binafsi, kama vile rekodi za mgonjwa au nambari ya simu ya mwanafunzi aliyepata basari. Haikutungwa kuficha jina la kampuni iliyolipwa fedha za umma. Palipo na jina la mgonjwa, linaweza kufunikwa kwa wino na ukurasa uliosalia ukatolewa.

Wengine husema mkataba una kipengele cha usiri. Hoja hiyo ilitolewa na serikali ya kitaifa kuhusu mikataba ya reli ya SGR, wakati wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walipoiomba na wakanyimwa. Mei 2022 Mahakama Kuu mjini Mombasa, kupitia Jaji John Mativo, iliamua kwamba haki yao ya kupata habari ilikiukwa na ikaamuru mikataba itolewe. Ikiwa mkataba wa reli ya mabilioni, uliohusisha nchi ya kigeni, haukuweza kufichwa kwa hoja hiyo, wa zahanati utafichwaje?

Kuhusu jalada "lililopotea", mwombaji aombe jibu hilo liandikwe na litiwe sahihi. Kutunza kumbukumbu ni wajibu wa taasisi kisheria, na kuharibu, kubadilisha au kuficha hati kwa nia ya kuzuia isitolewe ni kosa la jinai. Aghalabu jalada lililopotea kwa mdomo hupatikana linapotakiwa kupotea kwa maandishi.

Tume na mahakama

Aliyenyimwa, aliyenyamaziwa, au aliyetozwa ada isiyofaa anaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, inayojulikana kwa kifupi kama CAJ au afisi ya Ombudsman. Muda ni siku 30 tangu kujulishwa uamuzi, ingawa tume ina uwezo wa kuongeza. Katika mfano wetu wa Juni 2, iwapo afisi ilinyamaza, ni busara lalamiko liwe limefika kabla ya Julai 23. Tume ina makao yake Nairobi na matawi katika miji kama Mombasa na Kisumu. Lalamiko halilipiwi, na halihitaji wakili. Linaambatanishwa na nakala ya barua yenye muhuri, jibu lolote lililopatikana, na maelezo mafupi ya tarehe.

Tume inaweza kumwita afisa, kudai kuiona hati yenyewe, na kutoa amri hati itolewe. Asiyeridhika na amri hiyo, awe mwananchi au kaunti, ana siku 21 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Amri isiyotiiwa inaweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu na kutekelezwa kama hukumu. Ni kweli kwamba njia hii hujikokota, na afisi yenye kiburi huweza kuutumia mwendo huo hadi fedha za mwaka zimalizike. Lakini wanaoirukia mahakama moja kwa moja hawapati nafuu. Tangu 2011, katika kesi ya chama cha kutetea watu wenye ulemavu wa akili dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Jaji David Majanja alisema mahakama haitalazimisha habari kutolewa kabla ya mwombaji kuiomba kwanza na kunyimwa. Na baada ya sheria ya 2016, majaji wamewarudisha walalamishi waliopita mlango wa tume bila kubisha.

Hati zikipatikana, zipelekwe kwenye eneo la mradi. Fundi yeyote wa mjini anaweza kuisoma BQ na kusema kama mbao zilizo darini ndizo zilizolipiwa. Tofauti ikionekana, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi rasmi mbele ya bunge la kaunti ili jambo lichunguzwe. Palipo na dalili za wizi, nakala ziende pia kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Kote huko wapewe nakala. Ile barua ya kwanza yenye muhuri wa masjala ibaki nyumbani, mahali pakavu.